Nyayo Zinapoishia

7 Oktoba

Mvua ya kwanza ya vuli imenyesha leo mchana, na Ngolo akaingia dukani kwangu kujikinga. Ndiyo sababu naanza kuandika. Hapa kijijini sina wa kumwambia, na nikikaa na jambo hili peke yangu litanila.

Alinunua dawa ya kupe, chupa kubwa, kama anavyonunua kila mwezi. Akaegemea kaunta akitazama maji yakimwagika kutoka kwenye bati. "Daktari," akasema. Wote wananiita daktari, ingawa nina cheti cha mifugo tu na duka la dawa. "Daktari, huyu mtu wa Nyayo Haziongopi, wewe unadhani ni mwanaume ama mwanamke?"

Nikamwambia mambo ya mtandao mimi siyajui. Akacheka kidogo. "Wewe unajuaga kila ng'ombe wa huku na chapa yake. Nikadhani na huyo utakuwa unamjua."

Mtu wa Nyayo Haziongopi ni mimi.

Ukurasa huo wa mtandaoni niliuanzisha mwaka jana. Mtu akiibiwa ng'ombe ananitumia picha: chapa, pembe, baka, sikio lililochanwa. Mimi naweka wazi, na watu walioko minadani wanafungua macho. Wiki iliyopita ng'ombe sita walikamatwa karibu na Bunda wakiwa ndani ya lori, kwa sababu ya picha moja tu. Baba yangu aliibiwa ng'ombe ishirini na watatu msimu wa mvua kama huu. Walifuata nyayo mpaka mtoni, mvua ikazifuta, na Baba hakuumaliza mwaka ule. Siku hizo hapakuwa na ukurasa wowote.

Anayejua siri hii ni Dorah peke yake, rafiki yangu wa tangu shule, anayefundisha kompyuta Musoma. Hata Mama hajui, na tunalala nyumba moja.

Kuhusu Ngolo na wizi huu sina ushahidi. Nina picha moja ya lori lililopakia ng'ombe wa watu, ambayo nimetumiwa na mtu nisiyemjua. Lori hilo nimewahi kuliona uani kwake. Picha hiyo sijaiweka. Naogopa.

8 Oktoba

Mvua. Nimeuza chanjo ya kuku. Kila aliyeingia nimemtazama mikono kabla ya uso.

10 Oktoba

Nimempigia Dorah kutoka shambani, katikati ya mihogo, mahali ambapo hata mbuzi hanisikii. Akasema ilibidi niwe nimeshaweka VPN siku nyingi.

"Nieleze kama unamweleza mama yangu," nikamwambia.

"Haya. Simu yako inakanyagaga matope kila unapoingia mtandaoni. Nyayo zinabaki, na anayetaka kufuata anafuata mpaka mlangoni kwako. Sasa VPN ni kama umemwingiza ng'ombe wako kwenye kundi la mtu mwingine, wakatembea wote pamoja. Anayefuata anaonaga nyayo za kundi zima. Wa kwako ni yupi, hawezi jua."

"Na mwenye kundi je?"

"Mwenye kundi anaonaga ng'ombe wote. Ndiyo maana nakwambia usichague kwa haraka, Prudence. Swali siyo VPN ipi ina kasi. Swali ni kundi la nani."

Nimelala nikijiuliza hilo hilo.

13 Oktoba

Jumapili. Misa ndefu. Sikusikia hata neno moja la mahubiri.

16 Oktoba

Wameibiwa jirani zetu upande wa Butiama, ng'ombe wanne. Yowe likapigwa alfajiri, watu wakafuata nyayo hadi kijiji cha pili. Wa kule wakaambiwa kama ilivyo desturi: nyayo zimeingia kwenu, zitoeni. Wakahangaika mpaka saa sita mchana ndipo wakapata zilipotokea, kwenye mchanga wa korongo. Wasingepata, wangelipa wao. Mtu ambaye nyayo zimeishia kwake haulizwi kama ameiba, anaulizwa zimetokea wapi.

Picha zimeingia jioni. Nimeziweka bila VPN yoyote.

18 Oktoba

Nimeingia kwenye duka la programu nikaandika VPN. Zimekuja kama kumbikumbi. Moja ina picha ya ngao, bure kabisa, imepakuliwa na mamilioni ya watu. Nikaipakua. Kabla haijafanya lolote ikaomba majina yote ya simuni mwangu, na picha, na kujua nilipo. Mchungaji gani anachunga ng'ombe wa watu bure, halafu anaomba funguo za nyumba? Nikatafuta mwenyewe ni nani. Hana jina la mtu, anwani yake ni sanduku la posta la kisiwa ambacho sijui hata kama kina watu. Nimeifuta.

Dorah amenitajia nyingine, ya kulipia. Anasema hawa hawatunzi kumbukumbu, hawaulizi jina, na wamewaita wakaguzi wa nje wakaingia mpaka kwenye mitambo yao na kuandika walichokiona. Nimeisoma ripoti nusu saa. Kizungu kingi, ila nimeelewa kwamba walitafuta majina ya wateja wasiyakute.

Lakini ni watu nisiowajua hata kwa sura. Wakinigeuka, nitawafuata wapi? Nitamwendea baba yao nani?

Wengine wanasema siku hizi anayetumia VPN lazima ajisajili. Sijui nimuulize nani bila kujitangaza.

20 Oktoba

Leo nimepumua. Nilikwenda Bunda kwa Nicolaus.

Nicolaus ni mtoto wa mama yangu wa ubatizo. Anaimba besi kwaya ya parokia, boma la baba yao nalijua tangu utoto, nimekunywa uji kwao. Ana kibanda cha simu stendi, na kazi inayompa jina ni kuuza mafaili: unaingiza faili kwenye simu, intaneti yako inapita kwenye seva yake, na bando halikatwi haraka. Nusu ya vijana wa Bunda wanapita kwake. Nikamuuliza kama faili lake linaficha pia.

"Linaficha kabisa dada. Unatokea kama uko nje ya nchi. Wewe unataka kuficha nini?"

Nikasema kuna mwanaume ananisumbua. Akacheka, akanipa kiti. Akachukua namba ya kifaa changu ili faili lifunguke kwenye simu yangu tu. Akafungua daftari lake la jalada gumu akaandika: jina, kijiji, namba ya simu. Mwandiko mzuri, wa mtu wa kwaya.

Nilipoona jina langu limeandikwa pale moyo ulitulia. Huyu ananijua, nikasema, hawezi kunitupa. Sijui kwa nini nilihangaika na Wazungu siku zote hizi.

25 Oktoba

Mvua, mvua, mvua. Faili linafanya kazi vizuri.

3 Novemba

Makoye, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, aliibiwa dume lake jekundu lenye baka jeupe shavuni. Niliweka picha Ijumaa, jana limekamatwa mnadani. Leo baada ya misa alikuwa anawapungia watu mkono kama bwana harusi. Amenipita mlangoni mwa kanisa bila kunisalimia vizuri, kwa kuwa anamtafuta mtu wa Nyayo amshukuru. Nilitaka kucheka. Niliona raha, kusema kweli.

6 Novemba

Ngolo amemletea Mama sukari kilo mbili na majani ya chai. Mama anasema ni mtu wa watu. Nimeiweka sukari kabatini, sijaifungua.

12 Novemba

Lazima niandike kama ilivyokuwa.

Ngolo alikuja saa nane mchana. Hapakuwa na mteja mwingine. Akanisalimia, akauliza habari za Mama, akaomba dawa ya minyoo. Nikampa. Akaishika ile chupa akiigeuza geuza.

"Daktari, siku ile uliniambia mtandao huujui."

"Ndiyo mzee."

"Kumbe una VPN." Akaitamka polepole. "Mtu asiyejua mtandao, anajifichaga nini huko?"

Nikasema VPN ndiyo nini. Akatabasamu kabisa, akalipa, akafunga vifungo vya koti. Mlangoni akageuka. "Mama yako ni mtu mzima. Umwangalie, mvua hizi zina mambo mengi."

Nimefunga duka saa nane na nusu mchana. Nimekaa sakafuni nyuma ya magunia ya chumvi ya ng'ombe mpaka miguu ikafa ganzi.

13 Novemba

Amejuaje? Amejuaje? Simu hajaigusa. Dorah hawezi.

16 Novemba

Nimekwenda Musoma. Nimemwambia Mama nafuata dawa. Dorah anaishi Bweri, nyumba mpya isiyo na dari, na mahindi mpaka mlangoni. Alichukua simu yangu akaitazama kama mimi ninavyomtazama ng'ombe anayekohoa.

"Hili faili umetoa wapi?"

"Kwa Nicolaus."

"Seva ya nani?"

"Yake."

"Alikuuliza jina?"

Nikamwambia habari ya daftari. Dorah akakaa kitandani.

"Prudence, umemficha ng'ombe kwenye boma la mtu anayehesabu kila asubuhi na kuandika."

"Nicolaus ni ndugu yetu! Hawezi kuniuza."

"Sijasema amekuuza. Nasema alikuwa na cha kuuza. Sikiliza, mdogo wangu. Huku tumezoea kumwamini mtu kwa kuwa tunamjua. Mambo haya ni kinyume. Unamwaminije mwenye VPN? Ni pale hata akitaka kukuuza, hata wakimshikia panga, hana kitu mkononi. Hakujui jina. Hakuandika. Wa nje wamekuja wakakagua wakakuta hamna. Huyo ndiye wa kumwamini, hata kama humjui sura. Wewe ulitaka sura."

Nililia. Siyo kwa huzuni, kwa woga tu. Tukaifuta ile ya Nicolaus, tukaweka ile ya kulipia. Haikuniuliza jina. Iliponipa namba ndefu tu na kuniambia niitunze, nilijisikia mpweke, kama nimelala ugenini.

17 Novemba

Jumapili. Nimesali Bunda makusudi. Nicolaus alikuwa kwenye besi, macho juu darini misa nzima. Baada ya misa nikamkamata nyuma ya kanisa.

"Nicolaus, umemwambia nini Ngolo?"

Akataka kukataa, akashindwa. Uso ulimshuka. "Dada, hakuniuliza jina lako. Naapa. Alikuja kama mtu anayetaka faili. Tukaongea vizuri. Akauliza tu, kijiji kile unao wateja wangapi. Nikafungua daftari. Nikamwambia mmoja."

"Mmoja."

"Nilidhani anataka kujua biashara inaendaje kule. Baadaye ndiyo nikaanza kuogopa. Nisamehe dada."

Sikumtukana. Ana watoto watatu, na Ngolo anajua wanasoma wapi. Nimemwambia alichome lile daftari. Akasema atalichoma. Sijui.

Kwa hiyo nyayo ziliingia kijijini, na mteja ni mmoja. Zimeishia kwangu.

19 Novemba

Simu imezimwa. Sijaweka picha yoyote.

22 Novemba

Watu wanaandika kwenye ukurasa: Nyayo uko wapi? Mmoja kaibiwa huko Butiama na ameandika mara tano. Siwezi.

25 Novemba

Nimemwomba Mama twende Makoko kwa mdogo wake, tukae mpaka mvua ziishe. Akaniambia, "Niache ng'ombe wangu watatu na nani? Wewe una nini siku hizi? Unaruka hata kuku akipiga bawa." Nilikaribia kumwambia. Nikamezea.

26 Novemba

Nimeweka picha za mtu wa Butiama. Nimeshindwa kumwacha.

29 Novemba

Naandika jioni. Nianze na asubuhi.

Mvua ilipiga bati usiku kucha, ikakatika karibu na alfajiri. Saa moja kasoro nikasikia yowe ng'ambo ya mto, kwa Makoye. Nilikuwa nachemsha maji. Yowe likasogea. Nikatoka nje kuangalia linaelekea wapi, na lilikuwa linaelekea kwetu.

Lango letu la miiba lilikuwa limesogezwa. Matopeni, kuanzia njiani mpaka ndani ya boma, kulikuwa na nyayo za ng'ombe wengi. Sisi tunao watatu, na watatu wote walikuwa wamelala pale pale wakicheua. Nyayo ziliingia wazi kama zimepigwa mhuri. Kutoka sikuona hata moja.

Nikaelewa pale pale. Mwizi anayejua kazi haibi mvua inapokatika. Hizi zilitakiwa zionekane.

Wakafika. Watu hamsini, labda zaidi, fimbo, mapanga, mishale. Makoye mbele, macho mekundu, ng'ombe wake tisa wamekwenda, pamoja na lile dume la baka. Mkuu wa sungusungu akasimama langoni.

"Nyayo zimeingia kwenu. Zitoeni."

Mama akasema hatujasikia kitu. Mtu mmoja akapiga uzio kwa panga. Mwingine akasema, "Ndiyo maana anajuaga chapa zote huyu!" Sauti ya nyuma kabisa, ya upole, ikadakia: "Msimguse mama mzee. Mama hana kosa." Ngolo. Alisimama na mwamvuli uliofungwa, viatu vyake safi.

Mtu akanivuta kitenge. Nilitaka kukimbia. Mtu akikimbia hapo amekufa, na Mama alikuwa nyuma yangu. Nikatoa simu. Sikuwa na kitu kingine.

Nikafungua ukurasa. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka. VPN, mtandao wa asubuhi, mawingu. Watu wanasogea. Nikazima VPN. Tangu Oktoba sijawahi kuingia bila kujifunika kitu, hata kama ni lile faili. Ukurasa ukafunguka.

"Makoye," nikasema, na sauti ilitoka nyembamba, ya mtoto. "Tarehe moja mwezi huu, saa mbili asubuhi, ulimwandikia mtu wa Nyayo. Ulisema dume jekundu, baka shavu la kushoto, sikio la kulia limechanwa kama mkia wa mbayuwayu. Lilipopatikana ukaandika tena. Nikusomee?"

Akasogea hatua moja.

"Uliandika: Mungu akutunze wewe usiyejulikana. Mke wangu amekutolea sadaka kanisani, ila hatukujua tutaje jina gani."

Makoye akanyoosha mkono, nikampa simu. Akasoma maneno yake mwenyewe, midomo ikitembea. Ile fimbo ikateremka polepole mpaka ikagusa tope. "Ni yangu hii," akasema. "Hii nimeandika mimi. Daktari, ni wewe?"

Mkuu wa sungusungu akaja kuchungulia. Naye aliwahi kuandika, mwezi wa saba, mbuzi wanane. Mtu mwingine akauliza, "Na ya kwangu ipo?" Ipo. Wakaanza kupokezana simu, watu waliokuwa na mapanga, kila mtu akitafuta jina lake.

Mama peke yake hakushughulika na simu. Alikuwa amekwenda nyuma ya boma na mkongojo wake, kwenye lile jabali refu linaloshuka mpaka barabarani. Akapaza sauti: "Mkimaliza kusoma, njooni muone mavi!"

Mavi mabichi, juu ya jiwe tupu. Waliwapitisha ng'ombe langoni, wakawatolea nyuma kwenye mwamba ambako kwato haziandiki. Tukashuka wote. Barabarani matairi ya lori yalikuwa yamechimba udongo, mvua haikuwahi kuyafuta.

Nilipogeuka kumtafuta Ngolo hakuwepo. Nikakaa juu ya jiwe, nikaiweka ile picha ya lori ambayo nimeiogopa miezi miwili. Bila VPN. Makoye ameipeleka polisi Musoma mchana huu.

Jioni Mama alipomaliza kula akasema, "Kumbe baba yako alikuwa na mtoto." Halafu akaniuliza kwa nini sukari ya Ngolo bado iko kabatini. Tumeimwaga chooni.

1 Desemba

Ng'ombe watano wa Makoye wamepatikana. Wanne bado. Dume la baka halijulikani lilipo.

4 Desemba

Dereva wa lori amekamatwa. Anasema aliajiriwa na mtu kwa simu, hamjui. Ngolo anatembea zake.

Sasa nalala na kengele ya ng'ombe imefungwa mlangoni. Zamani niliogopa kujulikana, sasa najulikana, na woga umebaki pale pale, umebadili upande tu wa kukaa. Mama amekubali kwenda Makoko, na ng'ombe wake watatu wako kwa Makoye.

8 Desemba

Dorah amekuja. Baada ya misa watu kumi na wawili wamekaa dukani kwangu juu ya magunia, amewawekea VPN ile ile, kila mtu simu yake, na wote wanaweza kuweka picha kwenye ukurasa. Amewaeleza habari ya kundi na mwenye kundi vizuri kuliko alivyonieleza mimi. Mkuu wa sungusungu akauliza kama ataandika majina. "Jina haliandikwi popote," Dorah akamkatiza, "hata kwenye kiganja." Kuanzia leo anayefuata nyayo atakuta milango kumi na mitatu.

14 Desemba

Mvua zinapungua. Leo saa tisa Ngolo ameingia dukani.

Sikuwa nimemwona tangu siku ile. Alinisalimia, akauliza habari za Mama, akasema anasikia yuko Makoko, ziwani kuna hewa nzuri. Akaiweka simu yake juu ya kaunta, akaisukuma kwangu kwa kidole kimoja.

"Nasikia mnawaunganishaga watu VPN. Na mimi nina ng'ombe. Niunganishe."

Kengele ya mlango ilikuwa inacheza kwa upepo. Nje hapakuwa na mtu. Nikainama chini ya kaunta, nikatoa daftari jipya la duka, la jalada gumu, nikalifungua ukurasa wa kwanza. Nikashika kalamu.

"Jina kamili mzee," nikasema. "Kijiji. Na namba ya lori."

Akaitazama ile kalamu. Akachukua simu yake, akatoka bila kuaga na bila kununua dawa.

Nimejaza mwenyewe jina lake na kijiji. Namba ya lori naijua. Halafu nimefungua mlango, nikasimama kizingitini kuangalia nyayo zake zimeelekea wapi.